Ufunguo wa Shemeji

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Dada Mkubwa alitunga uzi kwenye sindano. Alisimama kwenye dirisha la sebule, kichwa bado kimefungwa kitambaa cha kulalia, akalowesha ncha ya uzi kwa midomo, akafumba jicho moja, akaupitisha. Kisha aliichomeka sindano kwenye pindo la pazia, uzi ukining'inia, akaenda zake bafuni. Hakuwa na nguo ya kushona. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalipoanza kumchezea, binti ndiye aliyemtungia uzi kabla ya kwenda shule. Mama alishaacha kushona zamani, lakini mkono wa binti haukuambiwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, nje ya chuo, kwenye mtaa wa geti za bati zinazolia. Mabweni hayakutosha, kwa hiyo wanafunzi wengi walipanga mitaani. Humu walikuwa watatu, wote wasichana. Dada Mkubwa alisomea ualimu wa hisabati na alikuja chuoni mtu mzima, baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wa pili alisomea sheria na aliitwa Redio, kwa sababu habari ya mtaa haikuwahi kulala nje ikiwa yeye yupo. Wa tatu, mdogo wao, aliitwa Maktaba. Aliweza kushinda na kitabu siku nzima na kusema maneno yasiyojaza kijiko.

Maktaba alimpenda Dada Mkubwa kwa namna ambayo hakuwahi kuisema. Alimtazama. Alijua anavyokunja mikono akifikiri, anavyokata kitunguu huku akitatua hesabu kichwani, anavyonyamaza Redio anapozidisha chumvi. Na alijua, kama wote walivyojua, kwamba Dada Mkubwa alikuwa na mtu wake.

Mtu huyo wakamwita Shemeji. Alikuwa fundi umeme mwenye pikipiki nyekundu na sanduku la vifaa lililofungwa nyuma kwa mpira. Walikutana enzi za duka, yeye akija kununua nyaya na kukawia kuliko nyaya zinavyohitaji. Dada Mkubwa alipoamua kurudi masomoni, ndugu zake Shemeji walimwambia asubiri kitu gani, wanawake wamejaa. Akasubiri. Alikuja Jumamosi nyingi, akatengeneza swichi iliyokuwa ikirusha cheche jikoni, akabadilisha balbu, akala, akaondoka.

"Mwanamume amesubiri digrii nzima," Redio alikuwa akisema. "Mwingine hata foleni ya benki inamshinda. Dada, huyu ukimwacha, tangaza mapema nijiandikishe."

"Jiandikishe mtihani wako wa sheria ya mikataba kwanza," Dada Mkubwa alimjibu, lakini alitabasamu.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mwisho mzuri. Mitihani ya mwisho ya Dada Mkubwa ilikuwa inaisha, na mwezi uliofuata wazee wa Shemeji walikuwa waje kuzungumza na wazazi wake. Mama yake alishaanza kuuliza kwenye simu wataketi wapi. Umri ulikuwa umesogea, na Dada Mkubwa hakujifanya haujui. Siku moja Maktaba alimkuta amesimama mbele ya kioo cha bafuni, mlango wazi, akijitazama mvi mbili tatu za pembeni. "Zimesubiri nazo," alisema, akacheka, akafunga mlango.

Wazo la sherehe lilitoka kwa Redio. Kumaliza chuo bila sherehe, alisema, ni kama kufunga ndoa kwa simu. Dada Mkubwa alikataa kwanza. Mwenye nyumba aliwahi kuwafukuza wapangaji wa kabla yao kwa sababu ya sherehe moja tu, ambapo geti liling'olewa na mtu akatapika kwenye tangi la maji. Mtaani hadithi hiyo ilikuwa ikisimuliwa bado, na kila aliyeisimulia aliongeza tangi.

"Basi tuifanye vizuri," Redio alisema. "Wewe si mwalimu? Tufundishe watu kusherehekea."

Dada Mkubwa alikunja mikono. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema sawa, lakini itakuwa sherehe ya mchana, na itakuwa kwa masharti yake.

Wiki ile Maktaba aliona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuibeba siku ambayo bado haijafika. Dada Mkubwa alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaarifu majirani, akianza na Mama Pacha wa ukuta wa pili, ambaye watoto wake walilala kwa shida. Alimwachia namba yake ya simu. "Kelele ikizidi usije kugombana na mtu getini," alimwambia. "Nipigie mimi, nitazima mwenyewe." Spika aliielekeza ndani, mgongo wake ukiwa kwa majirani. Redio alipotaka kuweka tangazo kwenye kundi la darasa, alimnyang'anya simu. Wageni waliambiwa mmoja mmoja, kwa mdomo. Magodoro yote matatu yangetandikwa chumbani kwa Maktaba kwa ajili ya yeyote atakayeshindwa kuondoka, na chakula kingetangulia kinywaji, si kinyume chake.

Lililobaki lilikuwa la vyombo vya moto.

"Atakayekuja na gari au pikipiki ataacha ufunguo mlangoni," Dada Mkubwa alisema. "Kwenye bakuli. Nakaa nao mimi, na mimi sinywi."

"Na wakati wa kuondoka utajuaje nani mzima nani hayupo?" Redio aliuliza. "Mlevi hajawahi kusema amelewa. Tuchore mstari uani, watembee juu yake?"

Dada Mkubwa alitazama pazia. "Atatunga uzi kwenye sindano. Akiweza, anachukua ufunguo wake. Asipoweza, godoro lipo."

Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hakuna mahakama duniani ingekubali ushahidi wa sindano. Lakini mwisho wa kicheko chake ilishakuwa sheria ya nyumba, na kwa siku zilizofuata aliisimulia chuo kizima kana kwamba ameitunga yeye.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jua lilikuwa la upole. Wageni waliingia alasiri, wakavua viatu barazani, wakala wali na kuku mpaka sufuria zikaonyesha kitako. Muziki ulikuwa wa kiasi. Wavulana wawili wa darasa la hisabati waligombana kuhusu swali la mtihani, wakaenda kulitatua kwa kidole kwenye vumbi la ua, watu wakiwashangilia kama mechi. Maktaba, ambaye kwa kawaida hukaa kwenye sherehe kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, alijikuta ameketi kwenye ngazi ya jikoni na sahani magotini, na hakutamani kitabu.

Shemeji alifika wa mwisho, ametoka kazini, shati lake la mistari likiwa na harufu ya sabuni na petroli. Aliweka ufunguo kwenye bakuli kabla hajaambiwa. "Natii amri," alisema, akapiga saluti. Wageni walimpenda papo hapo. Alikuwa mtu wa kusimulia. Alisimulia jinsi mama mmoja alivyomwita kutengeneza friji ambayo haikuwa imechomekwa kwenye umeme, na jinsi alivyolazimika kujifanya anaikagua ili mama wa watu asione haya. Kila mtu alicheka, na Dada Mkubwa, akipita na jagi la maji, alimwekea mkono begani, akauacha pale kidogo. Maktaba aliuona mkono ule. Alifikiri, hivi ndivyo watakavyokuwa nyumbani kwao.

Shemeji alikunywa. Wengine pia walikunywa. Baadaye, habari hii ilipozungumzwa tena na tena, watu waliulizana alikunywa kiasi gani, na Maktaba, aliyekuwa karibu naye, hakuweza kusema. Hakupiga kelele. Hakuyumba. Labda alirudia kisa cha friji, na labda macho yake yalichelewa kidogo kumfikia mtu aliyemwita. Basi.

Jua lilipoanza kushuka, Dada Mkubwa alizima muziki kama alivyoahidi, na watu wakaanza kuaga. Wasichana waliondoka wawili wawili, wakiwa wameagizwa kutuma ujumbe wakifika. Wenye funguo walipanga mstari mlangoni, wakisukumana kama watoto wa shule kwenye chanjo. Wa kwanza alikuwa kijana wa uchumi mwenye kigari cha baba yake. Alipitisha uzi mara moja, akainama kama mwanamuziki jukwaani. Wa pili, bwana mmoja mnene anayesoma jiografia, alihangaika, akalowesha uzi, akautafuna, akajichoma kidole.

"Tundu lenyewe linatembea!" alilalamika.

"Linatembea kwako tu," Redio alimwambia. "Chumbani, mzee. Godoro la katikati ndilo laini."

Alikwenda akicheka, akalala na viatu mkononi.

Kisha akaja Shemeji na kunyoosha kiganja.

"Wewe hutungi," Dada Mkubwa alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe unalala hapa leo. Nimekutandikia mkeka sebuleni."

"Mimi?" Alicheka. "Nimelewa?"

"Kaa tu, nakuomba. Asubuhi nakupikia chai, unaondoka."

"Asubuhi nina kazi ya watu."

"Utaondoka mapema."

Waliokuwa nyuma yake wakaanza kutega masikio. Shemeji aliwatazama, akaona anatazamwa. "Wenzangu wote wamepewa sindano," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Mimi ndiye mwenyeji nusu humu, ninyimwe? Lete hiyo sindano."

"Usiitake," Dada Mkubwa alisema.

"Lete."

Redio, ambaye kufikia hapo bado aliona ni mchezo, alimpa.

Shemeji alishika sindano mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali. Uzi ukapita pembeni. Akalowesha, akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Mmoja wa wavulana wa hisabati akasema kutoka nyuma, "Nyaya anaunganisha, uzi unamshinda!" na ua mzima ukapasuka kwa kicheko.

Maktaba naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiona kinakuja. Alipofunga mdomo, macho yake yalikuwa yameshakutana na ya Shemeji, na yale hayakuwa macho ya mtu anayechezewa. Shingo ya shati lake ilikuwa imelowa jasho.

Dada Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na ufunguo kwenye ngumi, na midomo yake ilifunguka kama anayetaka kusema kitu. Akaifunga.

"Mmefurahi?" Shemeji alisema. Aliangusha sindano chini. "Sasa nipe ufunguo wangu."

"Kesho."

"Hutaniaibisha mbele ya watoto hawa halafu uniambie kesho. Nipe."

"Mpe tu, Dada," Redio alinong'ona. "Si mbali kwake. Yuko sawa."

"Mpe, mwalimu," mwingine akasema. "Mtu mzima huyo."

Dada Mkubwa alitumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa gauni lake na kuweka mkono juu yake. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumwambia mtu chakula kiko mezani. "Umekuja kwangu ukiwa mzima," alisema. "Kaa."

Mtoto wa Mama Pacha alikuwa akilia ukuta wa pili, kisha akanyamaza.

"Sikiliza," alisema Shemeji. "Nikitoka hapa kwa miguu, wazee wangu hawaji."

Maktaba aliutazama mkono wa Dada Mkubwa mfukoni. Alikuwa na hakika, kwa moyo wake wote, kwamba mkono ule utatoka mfukoni. Alitaka utoke. Ilikuwa jambo dogo, kipande cha chuma, na barabara ilikuwa bado na mwanga. Mkono haukutoka.

"Nakuomba ukae," Dada Mkubwa alirudia.

Shemeji akavaa viatu, akachukua muda mrefu kufunga kamba, akatoka. Geti likalia nyuma yake.

Dada Mkubwa akawageukia wale wavulana wawili wa hisabati. "Mfuateni," aliwaambia. "Msimkaribie, msimsemeshe. Mhakikishe tu ameingia kwake."

Walirudi baadaye, wamechoka, wameshika viatu vyao vyenye vumbi. Walisema amefika. Mmoja, yule yule mwenye ulimi, akaongeza, "Dada, kusema kweli alitembea vizuri kuliko sisi." Dada Mkubwa aliwashukuru, akawapa maji, akaanza kukusanya sahani.

Asubuhi Mama Pacha alikutana nao kwenye bomba. "Mliahirisha sherehe yenu?" aliuliza. "Sikusikia kitu. Watoto wamelala fofofo." Redio alimwambia hapana, ilifana sana. Ilifana kweli. Kila mgeni alifika kwake, aliyelala kwenye godoro aliamka na kichwa kinachouma na kunywa chai mara mbili, na geti lilikuwa mahali pake. Mwenye nyumba alipopita mwisho wa mwezi hakuwa na la kusema, jambo lililomhuzunisha kidogo, maana alizoea kuwa nalo.

Pikipiki ilifuatwa na fundi mwenzake Shemeji, mtu mkimya mwenye ovaroli. Dada Mkubwa alikuwa ameshapika chai na kufunga chapati mbili kwenye karatasi. Yule fundi aliomba ufunguo, akaupokea, akaitazama chai.

"Ameniambia nisikae," alisema, kwa aibu.

"Sawa," Dada Mkubwa alijibu. "Mwambie tairi la nyuma linahitaji upepo."

Zikapita siku, simu za Dada Mkubwa kwa Shemeji hazikupokelewa. Redio, ambaye hakuweza kuona kimya bila kukijaza, alianza kuhukumu mchana kutwa. Mara Shemeji ana kiburi. Mara Dada amezidisha. Jioni moja, wakiosha vyombo, alimwuliza waziwazi, "Dada, kwenu kuna mtu aliyekufa kwa ajali? Tuelewe tu."

"Hakuna."

"Rafiki? Mwanafunzi mwenzako?"

"Hakuna aliyekufa, Redio. Nipe hiyo sahani."

Maktaba alijua Redio angependa kuwe na marehemu. Yeye mwenyewe angependa. Marehemu angeeleza kila kitu, na wote wangelia kidogo na kumwelewa Dada Mkubwa. Bila marehemu palibaki mwanamke aliyeshikilia ufunguo, na mwanamume ambaye pengine angekuwa nyumbani kwake kabla chai haijachemka.

Kisha akaja wifi. Alikuwa dada yake Shemeji, mkubwa wake, msusi mwenye vidole vyembamba na sauti iliyozoea kuongea juu ya vichwa vya watu. Alimpenda Dada Mkubwa, na ndiyo sababu alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Walikaa sebuleni. Maktaba alikuwa chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo, na hakuugusa.

"Wifi yangu," alianza, "sikuja kugombana. Kaka yangu haoni karibu. Unajua hilo?"

"Najua. Miwani yake nilimchagulia mimi."

"Miwani ilikuwa kwenye sanduku la pikipiki, na mbele ya watu anaona haya kuivaa. Hata angekuwa hajaonja tone, uzi ule asingeutunga. Hawezi. Tangu shule hawezi."

"Najua, wifi."

Maktaba alifunga kitabu kilichokuwa wazi mbele yake.

"Ulijua," wifi alisema taratibu. "Ukawaacha watoto wa watu wamcheke. Neno moja tu. Ungesema, jamani, huyu hana miwani yake. Basi. Angeondoka na heshima yake."

"Angeondoka na ufunguo wake," Dada Mkubwa alisema. "Nilitaka kusema. Neno lilifika hapa." Huenda alionyesha koo, Maktaba hakuweza kuona. "Lakini ningelisema, wote wangeniambia kumbe ni macho tu, mpe. Na nisingekuwa na cha kushikilia tena."

"Kwa hiyo ukamwacha aaibike."

"Nikamwacha aaibike."

Wifi alikuwa mtu wa suluhu, na alikuja nayo. Dada Mkubwa aende kwao siku ya Jumapili, akae mbele ya baba zake wawili wadogo, aombe radhi, na mambo yaishe. Wazee wangekuja kama ilivyopangwa. Kaka yake alikuwa amekubali. "Hali chakula, wifi," alisema. "Anajifanya, lakini hali. Njoo useme ulikosea kumnyima, basi, tucheke, tupange siku."

"Nitakuja," Dada Mkubwa alisema. "Nitapiga magoti kama mtataka. Nitaomba radhi kwamba alichekwa kwangu na mimi nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, linaniuma hata nikila."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo hapana."

"Sema tu. Neno ni upepo."

"Nikilisema mbele ya wazee wake si upepo, wifi. Siku nyingine atakuwa mezani kwetu, amekunywa, na ufunguo upo ukutani, na atanikumbusha kwamba niliomba radhi."

Kilisikika kiti cha wifi kikisogezwa. "Radhi nusu si radhi," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Ungekuwa wifi mzuri."

"Na wewe pia," Dada Mkubwa alisema.

Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu, kama watu wanaozika.

Baada ya hapo Dada Mkubwa alipiga simu nyumbani. Alizungumza na mama yake akiwa uani, mgongo kwa nyumba, na mazungumzo hayakuwa marefu. Aliporudi ndani alisema, "Ameuliza kama viti alivyoazima arudishe," na akaingia chumbani kwake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakusema lolote. Hata jina la kumwitia yule mtu liliwakosa. Shemeji hakuwa shemeji tena, na jina lake halisi lilikuwa zito mdomoni, kwa hiyo waliacha kumtaja.

Majibu ya mitihani yalitoka. Dada Mkubwa alifaulu vizuri sana, akapata shule ya sekondari mbali na mji, kazi ya kudumu. Chuoni wengine walimsifu kwa sherehe yake, wakasema ndiyo ya kuigwa, na waliokuwepo walifika mahali fulani kwenye simulizi wakaangalia chini. Wapo waliosema alikuwa mgumu kupita kiasi. Mmoja alisema mbele ya Maktaba kwamba mwanamke wa aina hiyo anapaswa kuolewa na polisi wa barabarani, na Maktaba, ambaye hakuwahi kujibizana na mtu, alisimama, akachukua kitabu chake na kuondoka mezani.

Siku ya kuhama walifunga vyombo wote watatu. Redio alitoka kutafuta gari la mizigo, akapatana na dereva kwa simu kwa kelele za kutosha kuuza nyumba nzima. Maktaba alibaki na Dada Mkubwa sebuleni, wakikunja mapazia. Vyumba vilikuwa vimeanza kutoa mwangwi. Uani, pale pikipiki ilipolala usiku ule, palikuwa bado na doa jeusi la oili ambalo sabuni haikulitoa.

Kwa wiki nyingi Maktaba alikuwa na swali moja. Alilibeba darasani, akalala nalo, akaliandika kichwani kwa namna mbalimbali na kulifuta. Hakuwa mtu wa kuuliza mambo ya watu. Aliogopa lingesikika kama lawama, na aliogopa zaidi kwamba lilikuwa lawama kweli, kwa sababu alimpenda yule mwanamume kama kaka, na kwa sababu kicheko chake mwenyewe kilikuwemo katika kile kicheko cha ua mzima. Mara kadhaa alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni kuuliza kama chumvi ipo.

Sasa ncha mbili za pazia zilikuwa mikononi mwao, na walikuwa wakikaribiana kama watu wanavyokaribiana wakikunja shuka.

"Dada," alisema.

"Naam, mdogo wangu."

"Na kama angefika salama?"

Dada Mkubwa hakuuliza nani. Alichukua ncha za Maktaba, akaziunganisha na zake, akalainisha kitambaa kwa kiganja mpaka mikunjo ikaisha.

"Pengine angefika," alisema. "Ufunguo nisingempa."